Gallaudet, Machi 1988: uchambuzi wa wiki iliyowapa viziwi rais wao

Jumapili tarehe 6 Machi 1988, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Gallaudet, chuo cha viziwi kilichoko jijini Washington, waliambiwa wangoje tangazo saa 2 na nusu usiku. Karatasi ikawatangulia. Yapata saa 12 na nusu jioni taarifa kwa vyombo vya habari ilianza kugawiwa, ikieleza kwamba bodi ya wadhamini imemteua Elisabeth Zinser kuwa rais mpya wa chuo. Zinser alikuwa mtu anayesikia, na lugha ya alama hakuijua. Wagombea wawili waliofika naye hatua ya mwisho, Harvey Corson na I. King Jordan, walikuwa viziwi. Chuo kilikuwa na umri wa miaka 124, na katika muda wote huo hakijawahi kuongozwa na kiziwi.

Jumapili iliyofuata rais alikuwa Jordan, na mwenyekiti wa bodi alikuwa kiziwi pia.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama habari ya maandamano yaliyofaulu. Maandamano yalikuwapo na yalikuwa na nguvu. Ila ukikifuatilia hatua kwa hatua unaona kwamba pande mbili zilikuwa zikitumia neno moja, uziwi, kwa maana mbili zisizopatana. Kwa wengi katika bodi, uziwi ulikuwa upungufu wa sikio, na kazi ya chuo ni kumsaidia mwenye upungufu huo aingie katika dunia ya wanaosikia. Kwa wanafunzi, kiziwi ni mtu wa jamii yenye lugha yake. Ukishika maana ya kwanza, rais asiyejua lugha ya alama ni kasoro ndogo atakayoirekebisha kwa masomo ya jioni. Ukishika ya pili, umempeleka mtu kuongoza chuo ambacho hawezi kuzungumza na mwanafunzi hata mmoja bila mkalimani.

Majina ya chuo, na majina ya watu

Taasisi iliyozaa Gallaudet ilifunguliwa mwaka 1857 katika ardhi iliyotolewa na Amos Kendall, na jina lake rasmi lilitaja viziwi, mabubu na vipofu kwa pamoja. Mwaka 1864 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyoiruhusu kutoa shahada, na sehemu ya chuo ikaitwa Chuo cha Taifa cha Viziwi-Mabubu. Mwaka 1894, kwa ombi la waliohitimu hapo, jina hilo likaondolewa na chuo kikapewa jina la Thomas Hopkins Gallaudet. Huyu, pamoja na Laurent Clerc, mwalimu kiziwi kutoka Paris, ndiye aliyeanzisha shule ya viziwi ya Hartford mwaka 1817. Hadhi ya chuo kikuu ilikuja mwaka 1986, miaka miwili tu kabla ya kisa chetu.

Neno bubu liliwakera waliohitimu kwa sababu si la kweli. Kiziwi ana koo, ana ulimi, ana sauti. Asiyesikia tangu utotoni hujifunza kutamka kwa taabu kwa kuwa hasikii anachotamka. Viungo vya sauti havina hitilafu. Na akiwa na lugha ya alama anasema kila kitu kinachosemeka, kuanzia hisabati hadi matusi. Kumwita bubu ni kusema hana la kusema.

Hapo katikati kulitokea pigo ambalo viziwi duniani kote wanalitaja mpaka leo. Mwaka 1880 mkutano wa kimataifa wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan uliamua kwamba kufundisha kwa kutamka ndiyo njia bora, na lugha ya alama iondolewe darasani. Wajumbe walikuwa 164 na kiziwi alikuwa mmoja. Wamarekani watano waliokuwapo walipinga, wakashindwa kwa kura. Kwa karibu karne nzima watoto viziwi katika nchi nyingi wakakatazwa kutumia mikono darasani, na walimu viziwi wakapoteza kazi. Gallaudet iliihifadhi lugha ya alama, lakini hata hapo wengi waliokuwa wakiitumia kila siku waliamini kwamba ni Kiingereza kilichovunjika kinachosemwa kwa vidole.

Aliyeivunja imani hiyo alikuwa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza wa hapo hapo Gallaudet, William Stokoe, mtu anayesikia. Mwaka 1960 alichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba alama zina vijenzi vyake: umbo la mkono, mahali alama inapofanyika na namna mkono unavyosogea. Badilisha kijenzi kimoja na maana inabadilika, kama pata inavyogeuka bata kwa sauti moja tu. Mwaka 1965 yeye na wenzake wawili, wote wawili wakiwa viziwi, wakatoa kamusi ya lugha hiyo. Wanafunzi waliofunga milango mwaka 1988 walikuwa wamekua ndani ya matokeo ya kazi hiyo. Walijua kwamba wanachosema ni lugha kamili, na kujua huko ndiko kulikobadilisha madai yao kutoka ombi la huruma hadi dai la haki.

Mwaka 1972 mwanaisimu James Woodward alipendekeza kwamba kwa Kiingereza neno kiziwi liandikwe kwa herufi ndogo linapotaja hali ya masikio, na kwa herufi kubwa linapomtaja mtu wa jamii ya viziwi, mwenye lugha na desturi zake. Mtu anaweza kuwa wa kwanza bila kuwa wa pili: mzee aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 70 hasikii, lakini lugha yake, ndoa yake na marafiki zake vyote viko kwa wanaosikia.

Jambo moja zaidi linafaa kushikwa kabla hatujaingia kwenye matukio. Takriban watoto 9 kati ya 10 wanaozaliwa viziwi wana wazazi wanaosikia. Kwa hiyo lugha ya jamii hii hairithiwi nyumbani kama Kihaya au Kigiriki. Mtoto huikuta shuleni, bwenini, kwa wenzake. Shule ya viziwi ndiyo nyumba ya ukoo. Anayeamua nani aongoze nyumba hiyo anagusa kitu kikubwa kuliko ajira ya mtu mmoja. Viongozi wanne wa wanafunzi waliobeba harakati hii, Greg Hlibok, Jerry Covell, Bridgetta Bourne na Tim Rarus, walitoka katika ile sehemu ndogo ya viziwi waliozaliwa na wazazi viziwi. Hawakuwahi kufikiri kwamba mtu mzima mwenye mamlaka lazima awe anasikia, kwa kuwa nyumbani hawakuliona hilo.

Uteuzi ulivyokwenda

Rais aliyetangulia, Jerry Lee, alitangaza kuondoka mwaka 1987. Bodi ikaanza mchakato wa kawaida: kutangaza nafasi, kuchuja maombi, kubakisha sita, kisha watatu. Kati ya sita, watatu walikuwa viziwi. Kati ya watatu, wawili. Mwaka 1988 hakuna aliyeweza kusema kwamba viziwi wenye sifa hawapatikani. Corson alikuwa mkuu wa shule ya viziwi ya jimbo la Louisiana, na Jordan alikuwa mkuu wa kitivo cha sanaa na sayansi Gallaudet kwenyewe. Zinser alikuwa kiongozi wa taaluma katika Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Greensboro, msomi mwenye uzoefu wa utawala.

Bodi ilikuwa na wajumbe 21. Wanne walikuwa viziwi. Mwenyekiti wake, Jane Bassett Spilman, alikuwa katika bodi kwa miaka kadhaa na hakuijua lugha ya alama.

Onyo lilitolewa mapema. Tarehe 1 Machi, siku tano kabla ya uamuzi, kikundi cha vijana waliohitimu kiliandaa mkutano wa hadhara uliohudhuriwa na watu zaidi ya 1,000. Kabla ya siku hiyo wanafunzi wengi walikuwa hawajali sana. Mkutano ule ndio uliowaamsha. Wanasiasa wakubwa, akiwamo makamu wa rais wa Marekani George Bush, waliiandikia bodi wakiunga mkono kuteuliwa kwa kiziwi. Bodi ikapiga kura vivyo hivyo. Makosa ya tathmini ya namna hii hutokea pale ambapo waamuzi hawawezi kusikiliza gumzo la watu wanaowaamulia. Katika chuo cha kawaida mwenyekiti angeokota habari kwenye korido, kwenye foleni ya chakula, kwenye lifti. Gallaudet gumzo lilikuwa mbele ya macho yake, kwa mikono, naye hakulielewa.

Usiku wa hoteli, na sentensi iliyopotea njiani

Baada ya karatasi zile kugawiwa, mamia ya wanafunzi walitembea hadi hoteli ya Mayflower, bodi ilikokuwa ikikutana. Spilman alikubali kuonana na wawakilishi wachache. Katika mazungumzo hayo ndipo ikatoka sentensi iliyowasha moto: kwamba viziwi hawako tayari kufanya kazi katika dunia ya wanaosikia. Spilman alikana kuisema hivyo. Maelezo yake yalikuwa kwamba alitumia kanusho mbili katika sentensi moja, na mkalimani hakuelewa.

Haiwezekani leo kurudisha maneno halisi, lakini maelezo hayo yanastahili kuangaliwa kitaalamu, kwa kuwa kosa la aina hiyo hutokea hata Dodoma au Nairobi. Chukua sentensi ya Kiswahili: "Sisemi kwamba siamini kuwa viziwi hawawezi." Anayesikiliza kwa masikio tu hujikwaa. Mkalimani ana kazi ngumu zaidi, maana katika Lugha ya Alama ya Marekani ukanushi hubebwa kwa kutikisa kichwa na kwa uso, sambamba na alama za mikono, na huwezi kutikisa kichwa mara tatu ukatumaini kwamba mtazamaji atafanya hesabu. Mkalimani inabidi angoje sentensi iishe, apate maana moja iliyo wazi, ndipo aitoe. Anahitaji kubaki nyuma ya msemaji kwa sekunde chache. Akiharakishwa, au chumba kikiwa na fujo na hasira, hutoa alichokishika kwanza.

Kinga yake ni rahisi: msemaji atumie sentensi za kukubali au za kukana waziwazi, moja moja, mkalimani apewe nakala ya hotuba mapema, kwa mkutano unaozidi saa moja wawepo wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 hivi, aliye zamuni asimame karibu na msemaji, mwanga ukimpiga usoni, dirisha lisiwe mgongoni mwake. Na jambo nyeti likisemwa, msikilizaji arudishe alivyoelewa kabla ya kuondoka chumbani. Hilo la mwisho usiku ule halikufanyika. Wawakilishi walitoka, sentensi ikaenda mtaani, na asubuhi ilikuwa imekwisha kuwa bendera.

Lakini tusiibebeshe tafsiri mzigo usio wake. Mwenyekiti wa chuo cha viziwi aliyehitaji mkalimani ili aongee na wanafunzi wake alikuwa amekwisha kujibu swali lao kabla hajafungua mdomo.

Jumatatu

Alfajiri ya tarehe 7 Machi wanafunzi walifunga malango ya chuo. Walisogeza magari na mabasi ya chuo mpaka mbele ya malango, kisha wakatoa upepo kwenye magurudumu ili yasivutwe kirahisi. Waliruhusu waliowataka na kuwazuia wengine. Ilikuwa kazi ya mkono, bila silaha na bila kumdhuru mtu, nayo iliipatia harakati kitu cha lazima: chuo hakiwezi kuendelea kama kwamba hakuna lililotokea.

Siku hiyo hiyo madai yakaandikwa, yakawa manne. Zinser ajiuzulu na rais kiziwi ateuliwe. Spilman ajiuzulu. Viziwi wawe asilimia 51 ya bodi. Asiadhibiwe mwanafunzi wala mfanyakazi yeyote kwa kushiriki.

Tunawashauri wanaharakati wayasome madai haya kama fundi anavyosoma mchoro. Kila moja linaweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Kila moja lina mtu au chombo kinachowajibika. La tatu lina namba, hivyo hakuna nafasi ya kuahidi kwamba "uwakilishi utaboreshwa". La nne liliwalinda walimu na wafanyakazi, ambao bila kinga hiyo wangebaki pembeni kwa hofu ya kazi zao. Na la tatu ndilo lenye mizizi mirefu: rais anaweza kubadilishwa na bodi, ila bodi yenye viziwi wengi haiwezi kurudia kosa lile kwa urahisi. Kama wangedai rais peke yake wangeweza kupewa mtu, kisha mamlaka yakabaki palepale.

Mchana bodi ilikutana na wawakilishi, ikakataa yote manne. Kisha Spilman akaenda ukumbi wa michezo kuwahutubia watu. Kabla hajaanza, mwalimu mmoja kiziwi, Harvey Goodstein, alipanda jukwaani akawaambia kwa alama kwamba madai yamekataliwa na hakuna haja ya kukaa. Kengele ya moto ikalia. Spilman akasimama akingoja kelele ziishe ili aongee. Ukumbini mamia ya watu waliendelea kuzungumza wao kwa wao kwa mikono, toka safu ya mbele hadi ya nyuma, kwa kuwa kengele haikuwazuia lolote. Aliyeshindwa kuwasiliana katika chumba kile alikuwa mtu mmoja anayesikia. Sehemu kubwa ya ukumbi iliondoka, ikaandamana hadi Bungeni.

Jinsi harakati ilivyoendeshwa

Hasira ya umati hufifia siku ya tatu kama hakuna anayeipanga. Tarehe 8 liliundwa baraza la watu 16 lenye wanafunzi, walimu, wafanyakazi na viziwi wa mjini, Hlibok akiwa msemaji mkuu. Faida yake ilionekana mara moja: bodi haikuweza kusema ni utoto wa wanafunzi. Tarehe 9 walimu walipiga kura, 147 wakiunga mkono madai na 5 wakipinga.

Kazi ya simu inafaa kutajwa kwa undani. Mwaka 1988 hapakuwa na ujumbe mfupi wala barua pepe ya kila mtu. Viziwi walitumia mashine ya maandishi inayounganishwa na simu, teknolojia iliyoanzishwa mwaka 1964 na mwanafizikia kiziwi Robert Weitbrecht. Mkono wa simu huwekwa juu ya vikombe viwili vya mpira, mashine hugeuza herufi kuwa milio, na upande wa pili milio hugeuzwa kuwa herufi. Huandika anayezungumza, mwingine husubiri. Akimaliza zamu yake huandika herufi GA, yaani endelea, na mazungumzo yakiisha huandikwa SK. Mwendo wake ni maneno kama 60 kwa dakika. Kwa mashine hizo viziwi wa majimbo mengine walijua yanayotokea, shule zao zikafanya mikutano ya kuunga mkono. Ila magazeti na televisheni hawakuwa na mashine hizo. Wakalimani wa kujitolea wakakaa kwenye simu za kawaida, wakipokea wanahabari na kuwatafsiria wasemaji. Bila wao habari ingebaki ndani ya uzio.

Jumatano usiku Hlibok, kijana wa miaka 21, aliketi katika kipindi cha Nightline cha televisheni ya ABC pamoja na Zinser na mwigizaji kiziwi Marlee Matlin, aliyekuwa amepata tuzo ya Oscar mwaka mmoja kabla. Mamilioni ya watu waliona kwa mara ya kwanza kiziwi akijenga hoja hewani, mkalimani akiwa sauti yake. Wengi walikuwa hawajawahi kuwaza kwamba hilo linawezekana.

Fedha nayo ilikuwa na neno lake. Sehemu kubwa ya bajeti ya Gallaudet hutoka serikali kuu, hivyo Bunge lilikuwa na maslahi. Mbunge David Bonior, mjumbe wa bodi hiyo hiyo, aliwaunga mkono wanafunzi hadharani. Zinser alijiuzulu Alhamisi usiku, tarehe 10. Baadaye alisema amelisoma tukio lile kama suala la haki za raia.

Wakati huo harakati nyingi zingeshangilia na kwenda nyumbani. Baraza lilipiga hesabu: katika madai manne, nusu ya la kwanza imetimizwa. Yamebaki matatu na nusu. Watu wakavaa beji za "3½". Ijumaa zaidi ya watu 2,000 waliandamana hadi Bungeni, mbele wakibeba bango lenye maneno "Bado tuna ndoto", lililowahi kubebwa katika kudai sikukuu ya Martin Luther King. Jumapili tarehe 13 bodi ikakutana, na jioni mjumbe kiziwi Philip Bravin akampigia Hlibok kwa mashine ya maandishi: Spilman amejiuzulu, Bravin mwenyewe ndiye mwenyekiti mpya, Jordan ni rais, hakuna atakayeadhibiwa, na kamati itaundwa kuhakikisha viziwi wanakuwa wengi katika bodi. Yote yalitekelezwa.

Kiziwi wa kiasi gani?

Sehemu hii haipendwi katika maadhimisho, nasi tunaona ndiyo yenye faida zaidi kwa mtu anayetaka kuelewa utambulisho wa viziwi.

Jordan hakuzaliwa kiziwi. Aliupoteza usikivu mwaka 1965, akiwa na miaka 21, kwa ajali ya pikipiki. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya kwanza, anaongea vizuri kwa sauti, na lugha ya alama aliijifunza akiwa mtu mzima. Katikati ya wiki ile, akiwa kiongozi wa kitivo, alisimama hadharani upande wa Zinser. Siku iliyofuata akageuka, akaunga mkono madai yote manne. Wapo waliojiuliza kama bodi haikumchagua kwa kuwa ndiye kiziwi aliyefanana zaidi na wanaosikia. Alitumikia hadi mwaka 2006, na kauli yake kwamba kiziwi anaweza kila kitu isipokuwa kusikia ilienea duniani.

Mwaka huo 2006 bodi ilimteua Jane Fernandes, kiziwi tangu kuzaliwa, aliyelelewa kwa kutamka na kujifunza lugha ya alama akiwa na miaka 23. Wanafunzi wakafunga chuo tena, zaidi ya watu 100 wakakamatwa mwezi Oktoba, na tarehe 29 Oktoba bodi ikafuta uteuzi. Fernandes alisema anaonekana si kiziwi wa kutosha. Waandamanaji wakajibu kwamba wanapinga uongozi wake na mchakato uliompitisha. Tunaona pande zote mbili ziligusa kitu cha kweli. Ukishasema kwamba uziwi ni lugha na jamii, lazima uulizwe nani yumo na nani hayumo, na kipimo cha sikio hakitoi jibu. Aliyewekewa kifaa cha kusikia ndani ya sikio, aliyesoma shule za kawaida, aliyeziwika kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka 11: wote hawa wana haki ya kuikuta lugha ya alama ikiwa wazi kwao. Jamii inayowafungia mlango waliocheleweshwa kuipata lugha inawaadhibu kwa uamuzi uliofanywa na wazazi na madaktari wao.

Kwetu

Yule wa homa ya uti wa mgongo si mfano wa kubuni. Ni Andrew Foster, Mmarekani mweusi kutoka Alabama, aliyekuwa mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet, mwaka 1954. Alifika Accra mwaka 1957, akaanzisha shule ya viziwi, na hadi mwisho wa maisha yake shule alizozianzisha Afrika zilikuwa 31. Alama za Kimarekani zilizoingia katika lugha za viziwi wa Afrika Magharibi na Kongo kwa sehemu kubwa zilipitia mikononi mwake. Alifariki Desemba 1987 katika ajali ya ndege nchini Rwanda, miezi mitatu kabla ya chuo chake kufungwa na wanafunzi.

Sheria za eneo letu zimekwenda mbali kuliko wengi wanavyodhani. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka serikali kuendeleza lugha ya alama kwa ajili ya viziwi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 120, inaifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kwa hiyo anayeandika bubu katika jalada la polisi au fomu ya hospitali nchini Kenya anaigusa katiba.

Basi tumwiteje? Wapo wanaoogopa neno kiziwi kwa kuwa limekaa pamoja na kipofu na kiwete, na ile ki- inaonekana kumshusha mtu hadi kitu. Sarufi haikubaliani nao: tunasema kiziwi amefika, hatusemi kimefika. Chama cha Viziwi Tanzania kinalibeba neno hilo katika jina lake. Wengine hupendelea mtu mwenye uziwi, ambalo ni la heshima na linafaa katika nyaraka. Yanayowasumbua viziwi wenyewe ni yale yanayojifanya laini, kama mwenye matatizo ya kusikia. Shirikisho la Viziwi Duniani liliamua mwaka 1991 kutumia maneno mawili tu, viziwi na wenye usikivu hafifu, na kuacha msamiati wa hitilafu. Wa pili ni yule anayesikia kwa sehemu, pengine kwa msaada wa kifaa. Usimchanganye na wa kwanza, maana mahitaji yao darasani ni tofauti. Ukiwa hujui mtu anapenda lipi, muulize, kwa maandishi au kupitia mkalimani, huku ukimtazama yeye.

Na ukikaa katika kamati ya shule ya viziwi, hesabu viti. Katika bodi, katika ualimu, katika usimamizi wa bweni, wangapi wanaijua lugha ya watoto vizuri kiasi cha kuelewa mabishano yao wakati wa chakula cha jioni? Kama idadi haifiki nusu, dai la tatu la Gallaudet bado halijafika hapo shuleni.